Mtambo, Kitako na Mtutu: Bunduki ya Gumegume Ndani ya Kiingereza cha Leo

Hotuba hii ilitolewa kwa wafasiri, wahariri na wanafunzi wa lugha. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Ndugu wafasiri, wahariri wetu wa habari, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma: habari za asubuhi.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kukutana na maneno "flash in the pan" katika habari ya kufasiri? Na nani, zikiwa zimebaki dakika kumi taarifa iende hewani, hajajaribiwa kuandika "mwako kwenye kikaango"? Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnamjua aliyeandika hivyo, na baadhi yenu mmekaa naye meza moja.

Leo nina misemo mitatu ya Kiingereza: "lock, stock and barrel", "flash in the pan" na "go off half-cocked". Mwandishi wa habari wa London au Chicago anaiandika yote mitatu kila wiki bila kufikiri imetoka wapi. Nayo imetoka kwenye kitu kimoja, na kitu hicho Kiswahili kinakijua vizuri: bunduki ya gumegume. Gobore ambalo askari wa wanyamapori wanalikamata mpaka leo ni ndugu yake wa karibu. Linashindiliwa kwa mdomo vile vile, ingawa mengi hayatumii tena jiwe. Kwa hiyo tusijione wageni kwenye jambo hili.

Hoja yangu ni moja na nitairudia mpaka mchoke. Msemo ukiwa umetoka kwenye mashine, usiufasiri kabla hujajua mashine ile ilifanyaje kazi na ilikwama wapi. Ilikwama wapi! Hapo ndipo maana ilipo.

Haya, tuishike bunduki yenyewe.

Upande wa kulia, pale mtutu unapoishia, kuna mkono wa chuma wenye taya mbili. Taya zimebana kipande cha jiwe la gumegume, kilichovishwa ngozi kisiteleze. Mbele ya mkono limesimama bamba la chuma cha pua. Chini ya bamba kuna kisahani, kidogo tu, kinachotiwa baruti laini. Na kando ya kisahani, ubavuni mwa mtutu, limetobolewa tundu jembamba linaloingia mpaka ndani.

Ukivuta kifyatulio, springi inautupa mkono mbele. Jiwe linakwaruza bamba, bamba linafunuka, cheche zinaangukia kisahani. Baruti ya kisahani inawaka, mwali unapenya tunduni, baruti kubwa iliyo ndani ya mtutu inalipuka, risasi inatoka. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Lakini hesabuni hatua. Ni nyingi, na kila moja ina namna yake ya kugoma.

Bunduki za namna hii zilianza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Jeshi la Uingereza lilikuja kuwa na moja maarufu kuliko zote, ile waliyoipa jina la utani "Brown Bess", kwa mfano uliopitishwa mwaka 1722. Tundu la mtutu wake lilikuwa na upana wa milimita 19 hivi, nayo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo nne na nusu. Risasi yake ilikuwa gololi ya gramu 30 hivi, na ilitaka baruti ya kiasi cha gramu 10. Baruti hiyo ilikuwa nyeusi, mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa sehemu 15 na salfa sehemu 10. Askari aliyefunzwa vizuri alipiga mara tatu kwa dakika. Bunduki za gumegume zilibaki mikononi mwa askari wa Ulaya mpaka miaka ya 1840. Karne mbili na zaidi! Lugha ingekosaje kuambukizwa?

Sasa msemo wa kwanza, "lock, stock and barrel". Huu ndio mwepesi, nitaupitia haraka.

"Lock" ni mtambo, yaani ule mkusanyiko wa mkono, taya, bamba, kisahani na springi. "Stock" ni kitako, ule mti wote wa mjozi unaobeba bunduki toka begani mpaka karibu na mdomo. "Barrel" ni mtutu. Mtambo, kitako na mtutu, basi hiyo ndiyo bunduki nzima, ukiacha mdeki, ule ufito wa kushindilia, na misumari yake. Ndiyo maana Mwingereza akisema amenunua kitu "lock, stock and barrel" anamaanisha kizima, hakuna kilichobaki kwa muuzaji.

Lakini kwa nini vitu vitatu, isiwe "bunduki" tu? Kwa sababu vitatu hivyo havikutoka mkono mmoja. Serikali ya Uingereza katika karne ya 18 iliagiza mitutu na mitambo kwa mafundi tofauti, wengi wao wa Birmingham, ikaviweka ghalani kwenye ngome ya Tower mjini London, kisha ikawapa mafundi wengine wa kuchonga vitako na kuunganisha. Fundi wa mtutu hakujua kutengeneza mtambo. Fundi wa mtambo hakugusa mti. Na kwa kuwa kila kipande kilipigwa tupa kwa mkono kimoja kimoja, mtambo wa bunduki hii haukuingia kwenye kitako cha bunduki ile mpaka uchongewe.

Mwaka 1785 fundi Mfaransa, Honoré Blanc, alimwonyesha Thomas Jefferson, ambaye wakati huo alikuwa balozi wa Marekani mjini Paris, vipande vya mitambo 50 vilivyopangwa katika visanduku. Jefferson akachukua chochote kilichokuja mkononi, akaunganisha mwenyewe mitambo kadhaa, na vyote vikakaa. Aliandika barua kwao akieleza jambo hilo kama mtu aliyeona muujiza. Leo ukinunua kipuri cha pikipiki unategemea kiingie. Mwaka 1785 hilo lilikuwa jambo la kumwandikia barua waziri.

Kuna maelezo mengine mtayasikia, kwamba msemo huu ni wa dukani: kufuli la mlango, shehena ya bidhaa na mapipa. Yanapendeza, lakini yaacheni. Katika barua ya mwaka 1817, mwandishi wa Uskoti Walter Scott anatania juu ya bunduki ya mtu wa milimani Uskoti ambayo, ili itengenezeke, inahitaji kitako kipya, mtambo mpya na mtutu mpya. Mnaiona? Bunduki inayohitaji vyote vitatu haitengenezwi, inanunuliwa nyingine. Utani huo hauna nafasi ya duka wala pipa.

Kwenye Kiswahili hatuna haja ya bunduki hapo. "Amenunua kiwanda kizima na kila kilichomo." "Wamehama na virago vyao vyote." Angalieni tu jambo moja: msemo unataka kitu chenye sehemu zake. Ukiufasiri kwa "kabisa" peke yake, umeupunguza.

Twende kwenye "flash in the pan". Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea zaidi.

"Pan" ni kisahani. Si kikaango, si sufuria, na si karai la mchimba dhahabu. Karai la dhahabu ndilo linalopendwa na waongoza watalii wa California: mchimbaji anatikisa karai lake mtoni, anaona kitu kinameremeta, anashangilia, kumbe si dhahabu. Hadithi tamu. Ubaya wake ni tarehe. Wachimbaji wa California walimiminika mwaka 1849. Msemo ulikuwa umeshachapishwa London mwaka 1687, pale mwandishi Elkanah Settle alipokuwa akimshambulia mwenzake John Dryden. Alisema kwa dhihaka kwamba kama mizinga ingekuwa na adabu ya kuwaka kisahanini tu, bila kulia, basi hata Dryden angethubutu kwenda vitani baharini. Miaka 162 kabla ya karai la California! Na dhihaka yenyewe inatuambia maana. Mzinga unaowaka kisahanini haumuui mtu.

Sasa niulize: kwa nini kisahani kiwake na bunduki isilie? Sababu ni nyingi, na askari walizijua kwa majina yake.

Ya kwanza ni masizi. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kama moshi na uchafu mzito. Ukishapiga mara kadhaa, uchafu unaziba lile tundu jembamba. Mwali unawaka nje, mlango umefungwa. Dawa yake ilikuwa sindano ya waya na brashi ndogo, ambavyo askari wa Uingereza alivining'iniza kwenye mkanda wa kifuani, azibue tundu kila anapopata nafasi.

Ya pili ni unyevu. Baruti ya kisahani ni kidogo na inabadilishwa kila mara, kwa hiyo inaweza kuwa kavu wakati ile ya ndani imeshapata maji. Hapo cheche inashika, kisahani kinawaka vizuri, ndani hamna kitu.

Ya tatu ni mtu mwenyewe. Utaratibu wa kushindilia ulikwenda hivi. Unakoki nusu, yaani unavuta mkono nyuma kidogo. Unang'ata karatasi ya risasi, iliyofungiwa baruti na gololi pamoja. Unamimina baruti kidogo kisahanini, unafunika kwa bamba. Unasimamisha bunduki chini. Unamimina baruti iliyobaki mdomoni mwa mtutu, unatia gololi na karatasi yake, unachomoa mdeki, unashindilia mpaka chini kabisa, unarudisha mdeki. Unanyanyua, unakoki kamili, unapiga. Mtu mwenye hofu, katikati ya moshi na makelele, anaruka hatua. Amemwaga baruti yote nje ya mdomo, au ametanguliza gololi kabla ya baruti. Kisahani kitawaka, maana alikijaza. Bunduki haitalia.

Hadithi ya unyevu ni ya Pennsylvania, Marekani, tarehe 16 Septemba 1777, wakati Wamarekani wakipigania uhuru wao toka kwa Waingereza. Jeshi la George Washington na jeshi la Waingereza lilikuwa limeshaanza kugusana karibu na Philadelphia, vita kamili ikisubiriwa. Ikanyesha mvua. Si manyunyu, ni mvua ya kufunga njia. Masanduku ya ngozi ambayo Wamarekani waliweka risasi zao za karatasi yalikuwa yametengenezwa hovyo, vifuniko vifupi, maji yakaingia, karatasi zikalowa, maelfu kwa maelfu ya risasi yakageuka uji mweusi. Washington hakushindwa vita siku hiyo. Hakuweza hata kupigana. Akaondoa jeshi lake kwenda kutafuta baruti nyingine. Wanahistoria wanayaita mapigano ya mawinguni.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa wahariri. Msemo ulipoanza ulimaanisha jambo lililojitangaza kwa mwako na halikutokea kamwe. Leo Mwingereza anautumia zaidi kwa kitu kilichofanikiwa mara moja kisha kikapotea, kama mwanamuziki wa wimbo mmoja au timu iliyoshinda mechi mbili za mwanzo wa ligi. Ni maana mbili! Ya pili, Kiswahili cha mtaani kinayo tayari: nguvu ya soda. Soda inafoka kweli, halafu inatulia. Wengine watasema moto wa mabua. Lakini ukikuta "it was only a flash in the pan" kwa jambo ambalo halikuzaa chochote toka mwanzo, nguvu ya soda itakudanganya. Hapo andika "kishindo kitupu" au "mbwembwe tupu". Soma aya nzima, ujiulize: je, risasi ilitoka?

Kabla sijaondoka kwenye kisahani, kuna padri mmoja wa Uskoti anayestahili kutajwa. Alexander Forsyth alikuwa na parokia Belhelvie, karibu na Aberdeen, na alipenda kuwinda ndege. Kero yake ilikuwa ule mwako. Kisahani kikiwaka, ndege anauona kabla risasi haijatoka mtutuni, anapinda, anakwenda zake. Padri hakunung'unika tu. Alifanya majaribio ya kemikali inayolipuka ikigongwa, akatengeneza mtambo usiotumia jiwe wala kisahani, akaufanyia kazi kwa muda kwenye ngome ya Tower, akapata hataza mwaka 1807. Kutokana na wazo lake zikaja fataki, yale makofia madogo ya shaba, na bunduki ya gumegume ikaanza kuaga. Mwako uliozaa msemo ukaondolewa na mtu aliyechoka kukosa bata.

Sasa ule wa tatu, "go off half-cocked".

Kukoki bunduki mnakujua, Kiswahili kimelichukua neno lenyewe. Bunduki ya gumegume ilikuwa na vituo viwili vya kukoki. Ndani ya mtambo kuna kipande cha duara chenye meno mawili. Ukivuta mkono nyuma kidogo, ulimi wa chuma unaingia kwenye jino la kwanza, ambalo ni refu na limechimbwa ndani, kiasi kwamba hata ukivuta kifyatulio kwa nguvu ulimi hautoki. Hiyo ni nusu. Hapo ndipo unashindilia, na hapo ndipo unatembea na bunduki iliyojaa. Ukivuta mkono nyuma zaidi, ulimi unakaa kwenye jino la pili, fupi. Hapo kifyatulio kikiguswa tu, inalia.

Kwa hiyo kituo cha nusu ni kituo cha usalama. Bunduki iliyokokiwa nusu haitakiwi kulia. Ikilia, kuna kilichoharibika: jino limelika, ncha ya ulimi imevunjika, au fundi amelipiga tupa kupita kiasi. Na inapolia, mwenyewe hajalenga. Pengine imemwelekea mwenzake, au ndiyo kwanza anashindilia na mdeki umo mtutuni.

Wengi wanaufasiri msemo huu kwa "kujiandaa nusunusu". Si hivyo. Kasoro yake ni kulia kabla ya wakati, bila amri na bila kulenga. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotosha: kukurupuka. "Waziri alikurupuka kutoa tamko." Umemaliza.

Kwa kiasi gani makamanda waliiogopa bunduki inayojililia? Turudi Pennsylvania, usiku wa tarehe 20 Septemba 1777, siku nne tu baada ya ile mvua. Sehemu ya jeshi la Washington, chini ya Anthony Wayne, ilikuwa imelala kambini karibu na Paoli. Jenerali Mwingereza, Charles Grey, alipewa kazi ya kuivamia gizani. Alijua kwamba bunduki moja tu ikilia njiani, kwa mkono uliotetemeka au jino lililolika, mpango wote umekwisha. Akaamuru askari watoe risasi zote mitutuni. Na ambao bunduki zao hazikuweza kutolewa risasi, wang'oe mawe ya gumegume kwenye taya. Wakaingia kambini kwa singe peke yake. Wamarekani waliuawa wengi, wengine wakiwa ndiyo kwanza wanaamka, na wenzao wakayaita mauaji ya Paoli. Grey akabaki na jina la utani maisha yake yote: "No-flint Grey", Grey asiye na jiwe. Mwanawe, Charles vilevile, ndiye waziri mkuu wa Uingereza wa mwaka 1830 mpaka 1834, ambaye jina lake, Earl Grey, liko kwenye pakiti za chai madukani mwetu. Hilo ni la pembeni, lakini mtalikumbuka kesho asubuhi.

Nimebakiwa na muda kidogo, niwape miwili ya nyongeza kwa sababu mtakutana nayo.

"Keep your powder dry", weka baruti yako kavu, watu wanamtwika Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wa karne ya 17. Maneno hayo yalijulikana kupitia shairi la Valentine Blacker lililochapishwa mwaka 1834, karibu miaka 180 baada ya Cromwell kufa. Kwa hiyo mhariri, usiandike "Cromwell alisema". Andika "inasemekana", au mwache Cromwell apumzike. Maana yake ni kukaa tayari na kutotumia nguvu zako mapema.

Na "hang fire". Huu wengi wanauchanganya na "flash in the pan", na magazeti ya Uingereza bado yanautumia sana. Kisahani kimewaka, bunduki haijalia, lakini haijagoma. Moto umo njiani. Hutokea pale aliyeshindilia alipojaza kisahani kupita kiasi, baruti ikaingia tunduni na kulijaza. Badala ya mwali kupita mara moja, baruti ile inaungua punje kwa punje kama utambi. Inaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi. Ndiyo maana askari wapya walifundishwa kwamba bunduki ikikataa kulia, usiishushe, usichungulie, mdomo ubaki mbele na hesabu kwanza. Kwa hiyo mradi ukiwa "hanging fire" haujafa. Umesimama, unasubiri, na unaweza kulipuka wakati wowote. "Umekwama" ni sawa, "umesita" ni bora zaidi. "Umeshindikana" ni kosa, na nimeliona limechapwa kwa herufi kubwa.

Nakaribisha maswali. Tuanze na wa nyuma, maana wa mbele watanisubiri kwenye chai.